Kwa nini riwaya zote kubwa hutoka kwa mkupuo, na kwa nini huchelewa kutufikia

Kila mwaka, Agosti inapokaribia kwisha, makundi ya wasomaji kwenye WhatsApp na Telegram hujaa picha za majalada. Magazeti ya London, New York na Paris yametoa orodha zao za riwaya zinazosubiriwa kwa hamu, mmoja kazituma, mwingine kazisambaza, na kabla ya wiki kwisha maswali yameshaanza. Mbona vitabu vyote vitoke kwa wakati mmoja? Kitabu ambacho hakijatoka kinasifiwa vipi? Kama kimeingia madukani London tangu Alhamisi, mbona Nairobi hakipo? Na huyu anayeandika kwamba hizi ndizo riwaya kubwa za mwaka, amezisoma lini?

Maswali haya ni ya haki, na kinachosikitisha ni kwamba majibu yake hayana siri yoyote. Biashara ya vitabu ya Ulaya na Marekani ina kalenda yake, wenyewe wanaijua kama wanavyojua tarehe za mishahara, lakini msomaji wa mbali hajaelezwa. Asiyeelezwa huishia kuamini kwamba tarehe ya kitabu inasema kitu kuhusu ubora wake. Haisemi. Inasema habari za maduka, za tuzo na za zawadi za Krismasi.

Tukubaliane maana kwanza. Msimu wa vuli wa vitabu ni Septemba, Oktoba na Novemba, miezi ambayo huko kaskazini majani yanapukutika na usiku unarefuka. Wafaransa huanza mapema kidogo, tangu katikati ya Agosti. Kitabu kikisemwa kimetoka, maana yake imefika siku ambayo mchapishaji ameruhusu maduka yaanze kukiuza. Hiyo si siku kilipomalizwa kuandikwa, wala si siku kilipotoka mtamboni. Jalada gumu ni toleo la kwanza, la bei ya juu, ambalo riwaya nyingi za Uingereza na Marekani huanza nalo. Jalada laini ni toleo la bei nafuu linalofuata baadaye, mara nyingi baada ya kama mwaka mmoja. Na tuzo kubwa huwa na orodha ndefu ya vitabu kumi na kitu, kisha orodha fupi ya vitano au sita, halafu mshindi.

Safari ya mswada hadi dukani

Mwandishi akikabidhi mswada, mhariri huusoma na kuurudisha na maswali. Mwandishi hurekebisha, mhariri huuliza tena, na mzunguko huo unaweza kujirudia mara tatu nne. Kisha huja mhariri wa lugha, mchoraji wa jalada, mpangaji wa kurasa na msoma prufu. Tangu mswada kukubaliwa hadi kitabu kuuzwa, mwaka mmoja ni muda wa kawaida na mwaka na nusu haumshangazi mtu. Miezi kadhaa kabla ya tarehe ya kutoka, watu wa mauzo wa kampuni huwa wameshawapelekea wenye maduka katalogi ya msimu mzima, na wenye maduka wameshaamua wataagiza nakala ngapi.

Ni kama nguo za Idi pale Kariakoo. Mteja huziona zimetundikwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, zote kwa pamoja, akadhani zimeshonwa juzi. Mfanyabiashara aliziagiza miezi mingi nyuma, mzigo ukasafiri, ukakaa stoo, na yeye akasubiri wiki ambayo anajua watu watakuwa na fedha na nia ya kununua. Hakuna anayesema gauni ni zuri kwa sababu limetundikwa siku ya ishirini na tano ya mfungo. Kwa vitabu tunasahau hilo.

Tazama vuli ya 2025. Moja ya riwaya zilizosubiriwa zaidi ilikuwa The Loneliness of Sonia and Sunny ya Kiran Desai, iliyotoka Septemba mwaka huo. Riwaya yake iliyotangulia ilishinda Tuzo ya Booker mwaka 2006. Hapo katikati imepita karibu miaka 20, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mwandishi alikuwa ndani ya kitabu hicho hicho, chenye kurasa zinazokaribia 700. Wiki mbili kabla yake, tarehe 9 Septemba, ilikuwa imetoka riwaya mpya ya Dan Brown, ya kwanza tangu 2017. Wiki mbili baada yake, tarehe 7 Oktoba, ikatoka ya Thomas Pynchon, ya kwanza tangu 2013, naye akiwa na umri wa miaka 88. Watu watatu wasiofanana kwa lolote, walioandika kwa mwendo tofauti kabisa, wakajikuta kwenye rafu moja ndani ya mwezi mmoja. Aliyewakutanisha ni mpanga mauzo.

Kwa nini vuli

Krismasi ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Kitabu ni zawadi rahisi kufunga, haina saizi ya kukosea, na cha jalada gumu kinaonekana kina hadhi. Kikitoka Septemba kinapata miezi mitatu ya kuhakikiwa, kuzungumzwa na kupendekezwa kabla ya watu kuanza kununua zawadi. Uingereza ipo hata Alhamisi moja ya Oktoba inayofahamika kwa kila muuza vitabu, siku ambayo vitabu vya jalada gumu hutoka kwa mamia vikilenga sikukuu.

Iceland imelipeleka jambo hili mbali kuliko nchi yoyote ninayoijua, na historia yake inafaa kusimuliwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili bidhaa nyingi za kutoka nje ziliwekewa vizuizi, lakini karatasi haikubanwa kama vitu vingine. Watu walikuwa na fedha, zawadi za kununua hazikuwepo, vitabu vilikuwepo. Mwaka 1944 wachapishaji wakaanza kusambaza katalogi ya vitabu vipya kwa kila nyumba kabla ya Krismasi. Vita viliisha, desturi ikabaki. Mpaka leo sehemu kubwa ya vitabu vya nchi hiyo hutoka kati ya Septemba na Desemba, na kupeana vitabu mkesha wa Krismasi ni jambo la kila familia.

Sababu nyingine ni likizo. Agosti Ulaya imelala: wahakiki wapo ufukweni, kurasa za utamaduni magazetini zimepungua, bunge limefungwa. Septemba wote wanarudi. Ufaransa wanauita msimu huu rentrée littéraire, jina ambalo wasomaji wa Kinshasa, Bujumbura na Kigali wamelisikia tangu shuleni, kwa kuwa linafuatana na kufunguliwa kwa shule. Katika miaka ya karibuni riwaya kati ya 450 na 500 na ushei hutoka Ufaransa katika kipindi hicho kimoja. Jaribu kufikiria wewe ni mwandishi chipukizi, na riwaya yako ya kwanza ni moja kati ya hizo. Mimi huwahurumia kwa dhati. Nyingi hupotea kabla ya Oktoba kwisha bila hata uhakiki mmoja wa maana, na si kwa kuwa ni mbaya.

Basi kwa nini wachapishaji wanaendelea kuzibana riwaya zote mahali pamoja? Jibu ni tuzo, na hapa ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa.

Tuzo na dirisha lake

Kila tuzo ina dirisha, yaani tarehe ambazo kitabu lazima kiwe kimetoka kati yake ili kishindanishwe. Madirisha hayafanani. Tuzo ya Booker, inayotolewa London kwa riwaya za Kiingereza, huangalia vitabu vilivyotoka Uingereza na Ireland kati ya 1 Oktoba na 30 Septemba ya mwaka unaofuata. Kitabu kikitoka tarehe 2 Oktoba kimeshaukosa mwaka huu na kimeingia hesabu ya mwaka kesho. Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani huanza kuhesabu 1 Desemba na kufunga 30 Novemba, na mshindi hutangazwa Novemba hiyo hiyo kabla hata dirisha halijafungwa. Hilo linawezekana kwa sababu majaji husoma nakala za awali, na ndiyo maana orodha yake ndefu ya Septemba huweza kuwa na vitabu ambavyo bado havijafika madukani. Hakuna udanganyifu hapo.

Goncourt ya Ufaransa ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1903. Mshindi hutangazwa mapema Novemba katika mgahawa wa Drouant jijini Paris, naye hupewa hundi ya euro 10. Kumi tu. Lakini kitabu huvishwa ukanda mwekundu wenye jina la tuzo, na nakala huuzwa kwa mamia ya maelfu kabla ya Krismasi. Ukiwa mchapishaji wa Paris, utaacha kuweka riwaya yako bora karibu na tarehe hiyo?

Kutokana na hayo watu wamejenga imani kwamba kitabu kisichotoka vuli ya mwaka ule ule wa tuzo hakishindi. Ushahidi unakataa. Booker ya 2024 ilikwenda kwa riwaya fupi ya Samantha Harvey iliyotoka Novemba 2023, mwaka mzima nyuma. Ile ya 2025 alishinda David Szalay kwa riwaya iliyotoka Machi. Scholastique Mukasonga, Mnyarwanda anayeandika kwa Kifaransa, alipata Renaudot, tuzo nyingine kubwa ya Ufaransa, mwaka 2012 kwa riwaya iliyotoka masika, na kura ilipopigwa wengi walishangaa. Kutoka vuli humrahisishia mchapishaji kazi ya kukitangaza kitabu. Majaji wao hupelekewa maboksi ya vitabu vya mwaka mzima.

Na Nobel je? Hiyo ni kitu kingine kabisa, japokuwa hutangazwa Alhamisi mapema Oktoba, katikati ya makelele haya yote. Nobel humpa mwandishi heshima kwa kazi za maisha yake, haimpi kwa kitabu kimoja. Haina orodha fupi ya hadharani, na majina ya waliopendekezwa hufungiwa kwa miaka 50. Kwa hiyo zile orodha za wanaotarajiwa kushinda Nobel unazoziona Septemba ni ubashiri wa watu wa nje na wa kampuni za kamari.

Anayesifu amesoma?

Miezi kadhaa kabla ya kutoka, mchapishaji huchapa nakala za awali, kwa kawaida zenye jalada laini na maandishi kwamba haziuzwi, na kuzigawa kwa wahakiki, waandishi wenzake, wenye maduka na, siku hizi, watu wenye wafuasi wengi mitandaoni. Anayekisifu kitabu mwezi Julai huenda amekisoma kweli. Sifa zilizochapwa jaladani nazo hutoka kwa waandishi waliopewa nakala hizo, wengine wakiwa na mchapishaji mmoja au wakala mmoja na mwenye kitabu. Haimaanishi wanasema uongo, lakini tusizichukulie kama uhakiki huru.

Orodha za Agosti ni jambo tofauti. Mwandishi wa gazeti anayetaja riwaya 40 zinazokuja hajazisoma zote 40, na wala hadai hivyo ukimsoma kwa makini. Amesoma chache, nyingine amezichagua kwa jina la mwandishi, nyingine kwa maelezo ya katalogi. Anaandika matarajio. Sisi tunaposambaza tunalikata neno hilo njiani, na ikifika kwenye kundi la tatu imeshakuwa orodha ya riwaya bora. Orodha inayostahili kuitwa hukumu huja Desemba, vitabu vikiwa vimesomwa. Ninachowashauri wenzangu ni kuihifadhi ya Agosti na kuilinganisha na ya Desemba ya gazeti lile lile. Majina mengi yaliyopigiwa tarumbeta yatakuwa yametoweka, na kutakuwa na mawili matatu ambayo hakuna aliyeyataja. Hayo mawili matatu ndiyo ya kuanza nayo.

Hali ni hiyo hiyo kwa orodha za vitabu vinavyouzika zaidi. Ile ya New York Times huhesabu mauzo ya wiki moja, Jumapili hadi Jumamosi, na vitabu vya Marekani kwa kawaida hutoka Jumanne, vya Uingereza Alhamisi. Nakala zote zilizoagizwa mapema, hata tangu miezi sita nyuma, kwa kawaida huhesabiwa katika wiki ile ya kwanza. Ndiyo maana kitabu kinaweza kushika namba moja kabla karibu mtu yeyote hajakimaliza. Hapo pia kuna jibu kwa wanaouliza kwa nini waandishi huwasihi sana wasomaji waagize mapema: oda hizo humwonyesha mwenye duka kwamba kitabu kina wateja, naye huongeza nakala.

Kitabu kimoja, miaka miwili, bahari mbili

Mfano ulio karibu nasi ni wa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, na nitaukalia kidogo kwa sababu karibu kila nililoeleza limo ndani yake. Mwaka 2020, korona ilifunga maduka ya vitabu ya Uingereza na wachapishaji wakasogeza vitabu vya masika mpaka vuli. Tarehe 3 Septemba 2020, siku moja, vitabu karibu 600 vikatoka nchini humo. Katika msongamano huo, mwezi huo huo, ndipo ilipotoka Afterlives, riwaya ya kumi ya Gurnah, inayosimulia maisha ya watu wa pwani ya Tanganyika na askari waliopigana chini ya Wajerumani. Walioisoma waliisifu. Haikuingia hata orodha ndefu ya Booker, na toleo la Marekani halikuwepo.

Tarehe 7 Oktoba 2021 Stockholm ikamtangaza Gurnah mshindi wa Nobel. Wamarekani waliingia madukani kutafuta vitabu vyake, na wengi wakaambiwa havipo. Toleo la Marekani la Afterlives lilitoka Agosti 2022. Kwa hiyo kwa msomaji wa New York ilikuwa riwaya mpya ya mwaka huo, wakati wa London alikuwa nayo miaka miwili na wa Dar es Salaam aliyebahatika alikuwa ameshaiazimisha kwa rafiki isirudi. Mwaka huo huo Mkuki na Nyota wakachapa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise, riwaya ya Gurnah iliyokuwa imefika orodha fupi ya Booker mwaka 1994. Yaani kitabu kuhusu watu wetu, chenye Kiswahili kikipumua chini ya Kiingereza chake, kilichukua miaka 28 kutufikia kwa lugha yetu. Linaniuma kila nikilifikiria, na pia linanifurahisha kwamba hatimaye kipo.

Riwaya yake ya kwanza baada ya Nobel, Theft, ilitoka Machi 2025. Nadhani mchapishaji hakuona haja ya kugombania nafasi Septemba. Jina lilikuwa limeshakuwa zito kiasi cha kujaza Machi peke yake.

Vuli hiyo ya 2021 inastahili kukumbukwa kwa jambo jingine. Tarehe 20 Oktoba, Paulina Chiziane wa Msumbiji alitunukiwa Tuzo ya Camões, kubwa kuliko zote za Kireno. Tarehe 3 Novemba, Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal alishinda Goncourt mchana, na jioni ya siku hiyo hiyo Damon Galgut wa Afrika Kusini akashinda Booker. Msimu unaoonekana kuwa mali ya London na Paris umekuwa pia msimu wa waandishi wetu. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2024, Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, alipata Renaudot kwa Jacaranda, riwaya kuhusu Rwanda iliyotoka Agosti na kufika hatua ya mwisho ya Goncourt pia.

Mbona hakipo hapa?

Wengi hudhani maduka yetu ni mazembe. Si kweli. Kitabu kimoja huuzwa kwa haki za kimaeneo. Mchapishaji wa New York hununua haki za Marekani, wa London hununua za Uingereza na nchi nyingi zilizokuwa makoloni yake, na katika mgawanyo huo Kenya, Tanzania na Uganda mara nyingi huangukia upande wa London. Ndiyo maana jalada unaloliona mtandaoni kwenye gazeti la Marekani silo utakaloliona Text Book Centre Nairobi au duka la TPH pale Samora, Dar es Salaam. Ndiyo maana pia unaweza kujaribu kununua kitabu pepe ukaambiwa hakipatikani katika nchi yako, ilhali binamu yako Minnesota amekishusha kwa sekunde chache. Kadi yako ya benki haina tatizo. Mchapishaji wa upande wako hajakiweka sokoni bado, au hakuna aliyenunua haki za upande wako.

Kisha ipo hesabu ya mwenye duka. Duka la London lisipouza nakala, mara nyingi linaweza kuzirudisha kwa mchapishaji. Kurudisha boksi kutoka Mombasa hadi London hula faida yote na zaidi, hivyo muuzaji wa kwetu huagiza nakala chache anazojua zitaondoka. Ongeza usafiri, ongeza thamani ya dola, na kwa Kenya ongeza VAT ya asilimia 16 ambayo vitabu vilianza kutozwa kwa sheria ya 2013, na ambayo wachapishaji wamekuwa wakilia iondolewe. Riwaya ya jalada gumu inayouzwa Marekani kwa dola 28 au 30 ikifika hapa ni mzigo kwa mshahara wa mwalimu.

Ila kuna njia ambazo wengi hawazijui. Wachapishaji wa Uingereza hutengeneza kwa baadhi ya riwaya toleo la jalada laini la saizi kubwa kwa ajili ya masoko ya nje na viwanja vya ndege, nalo hutoka karibu na lile la jalada gumu. Kwa hiyo mara nyingine msomaji wa Nairobi hupata jalada laini mapema kuliko wa London. Inabidi umwulize mwenye duka, tena kwa jina la kitabu, la mwandishi na tarehe, kwa sababu oda zake hufuata maulizo. Watu wanne wakiulizia kitabu kimoja ndani ya wiki, ataagiza. Na asiye na haraka anaweza kutumia orodha ya mwaka jana: riwaya za vuli iliyopita ndizo zinazoingia jalada laini vuli hii, bei imeshuka, na makelele yameshapungua kiasi cha kujua ipi imedumu.

Kuhusu zile PDF zinazozunguka kwenye makundi kabla ya tarehe ya kutoka, mara nyingi ni nakala ya awali iliyovuja, ambayo haijapita kwa msoma prufu wa mwisho. Mbali na kumnyima mwandishi haki yake, unasoma kitabu ambacho mwenyewe hajakimaliza.

Na riwaya za Kiswahili?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na huulizwa mara chache mno. Mbona hatujawahi kuona orodha ya riwaya za Kiswahili zinazosubiriwa Septemba?

Kalenda yetu imefungwa kwenye shule. Mwaka wa masomo Kenya na Tanzania huanza Januari, na mwezi huo ndio wa mauzo kwa mchapishaji wa Nairobi na Dar. Riwaya ya Kiswahili huuzika sana pale inapoteuliwa kusomwa shuleni. Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilikuwepo tangu 2014, lakini kuteuliwa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ndiko kulikoiingiza mikononi mwa vijana wa nchi nzima. Mchapishaji anayeishi kwa mfumo huo hana sababu ya kutangaza tarehe, kugawa nakala za awali wala kujenga hamu. Kitabu hutoka mtambo ukiwa tayari, na msomaji hukikuta dukani kwa bahati.

Tuzo zetu nazo zimejengwa kwa umbo tofauti. Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, hupokea miswada ambayo haijachapwa pamoja na vitabu vilivyochapwa karibuni, na miswada inayoshinda huchapwa baadaye. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, nayo hushindanisha miswada, na washindi hutangazwa Aprili, mwezi aliozaliwa Mwalimu. Huu ni utaratibu wa busara kwa nchi ambazo tatizo la mwandishi ni kupata mchapishaji. Lakini una gharama yake: siku ya kutangazwa mshindi, siku ambayo magazeti na redio zinamtaja, mara nyingi hakuna kitabu cha kununua. Kikija kutoka baada ya mwaka au zaidi, watu wameshasahau. Booker na Goncourt hutangaza kitabu kikiwa kimerundikwa mlangoni mwa duka.

Fursa ya kurekebisha hili ipo, nayo ipo Septemba. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi hufanyika mwezi huo, na kwa desturi Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, yenye kipengele cha Kiswahili, hutolewa wiki hiyo hiyo kila baada ya miaka miwili. Wachapishaji watatu au wanne wa Nairobi, Dar na Zanzibar wakikubaliana tu kwamba riwaya zao za Kiswahili za mwaka zitatoka wiki ya maonyesho, wakatangaza majalada Juni na kuwapelekea nakala za awali wahariri wa Mwananchi, Nipashe na Taifa Leo, pamoja na watangazaji wa vipindi vya fasihi redioni, Agosti tungekuwa na orodha yetu ya kusambaza. Miswada iliyoshinda Aprili inaweza kuwahi tarehe hiyo ikiwa uhariri wake utaanza wiki ya ushindi. Wachapishaji wanaosema Waswahili hawanunui riwaya wajibu kwanza: ni lini waliwaambia tarehe?